Walivyotaka Niwe Mdomo Wako

Mama,

Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, hata kama mmegombana. Nimekaa hapa mezani nikaandika "hujambo", nikakata. Nikaandika "habari za huko", nikakata pia. Basi nisamehe, naanza bila adabu. Jana tumeondoa matanga yako, mwaka mzima tangu uondoke. Tumeganduka, kama tunavyosema hapa, kila mtu sasa ana ruhusa ya kurudi kwenye kazi zake na furaha zake, na mimi leo sijaenda shule. Nimemwambia Baba kichwa kinauma. Si kweli sana, lakini si uongo pia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichotukaripia nacho. Shuleni ni Kifaransa, kanisani ni Kirundi, ila wewe mtu wa Rumonge, ukikasirika Kiswahili, ukifurahi Kiswahili. Nikijaribu kukuwaza kwa Kifaransa huji.

Kuna habari nyingi na sijui ipi ni kubwa, ipi ni ndogo. Bibi hajarudi Rumonge tangu siku ya mazishi. Alikuja na kikapu kimoja na vitenge viwili, akasema atakaa mpaka tuzoee. Hatujazoea, naye hajaondoka. Analala chumbani kwangu, anakoroma, asubuhi anakana. Meza yako ya sokoni ameichukua Mama Amina, akaiunganisha na yake, lakini wateja wakiuliza anawaambia hapa ni kwa Mama Aline, mimi namshikia tu. Ndagala zake zina mchanga, dagaa wa kuanikwa chini. Nakwambia ili ujue, usimchukie. Baba bado yuko bandarini na mizigo yake ya Kigoma na ya Kongo, anarudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kitandani bado analala upande wake, ule wa ukutani, na upande wako anaweka shati la kesho.

Na mimi narudia darasa. Mitihani ilikuja ukiwa umezikwa juzijuzi, nikakaa mbele ya karatasi ya hesabu nikiangalia namba. Hakuna aliyenigombeza. Ningefurahi mtu angenigombeza.

Unaikumbuka ile kazi ya utafiti? Mwalimu wa historia, yule mrefu uliyesema anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, alitupitishia kopo la maziwa lenye vikaratasi, kila mmoja achague mji wa kale. Wenzangu wakapata Misri, wakapata Zimbabwe Kuu. Mimi nikachomoa Machu Picchu, mji wa watu wa Inka, huko Peru, juu ya mlima, mawe juu ya mawe. Nilikuja hospitalini nimenuna. Ulikuwa umeshalazwa, na mimi ndiye niliyekuwa nakulinda mchana baada ya shule, maana Baba alikuwa anakuja jioni tu. Nikakaa pembeni ya kitanda nikakusomea zile kurasa nilizochapisha mjini, natafsiri palepale, na wewe umefumba macho. Nilidhani umelala. Kumbe unasikiliza, unatafuta mahali pa kunibana.

Uliuliza ni nani alikuwa anapandisha maji huko juu. Swali hilo lilikuwa haki yako, wewe uliyepandisha ndoo Nyakabiga kila bomba lilipokauka. Kesho yake nikakuletea jibu: maji yalikuwa yanatoka kwenye chemchemi ya mlimani, wakayachongea mfereji wa mawe, yakashuka mjini birika baada ya birika, ya juu ikimwagia ya chini. Ukaridhika. Ukasema hao walikuwa watu wenye akili. Kisha ukauliza soko lilikuwa wapi. Nikatafuta, nikakosa. Nikakwambia vitabu vinasema watu wa Inka hawakuwa na fedha, chakula kilikuwa kinatoka kwenye ghala za mfalme. Ukafumbua macho yote mawili.

"Muji bila soko? Basi wamama wa uko walikuwa wanaongelea wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka nesi akaja. Tangu siku hiyo wodi nzima ikawa inaulizia habari za mji wetu ule, na wewe ulikuwa unawajibu kabla yangu, unaongeza na ya kwako. Ulimwambia mgonjwa mmoja, mama wa Kamenge, kwamba mfalme wa huko alikataza soko kwa sababu aliogopa umbea. Sikukusahihisha. Hilo nilitaka kuliweka kwenye kazi yangu, kwa kweli, lingenipatia maksi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa mkono unakuwa mzito. Mchana ule wa mwisho mimi ndiye nilikuwepo. Ni mimi peke yangu. Uliamka kidogo, ukasema: "Unikune mu mugongo." Nikakukuna. Ukasema: "Apana apo. Chini kidogo." Nikashuka, nikapata penyewe, ukavuta pumzi ya kuridhika, ukalala. Hukuamka tena. Hayo tu. Hakuna kingine. Nimeyapindua mwaka mzima nione kama yana kitu ndani, na hayana, ulikuwa unawashwa mgongo.

Lakini unawajua watu wetu. Mtu haondoki bila kuacha neno. Siku ya kuondoa matanga, yule aliyekuwa naye mwisho husimama mbele ya familia akasema marehemu aliaga vipi na aliacha wosia gani, na neno hilo likishasemwa hadharani limekwisha, hakuna wa kulibishia. Kwa hiyo tangu mazishi kila mtu amekuwa ananiangalia kama mfuko uliofungwa. Shangazi alinivuta pembeni siku ileile. Nikasema uliondoka salama. Akasema sawa, usiseme sasa, weka mpaka siku yake.

Na huku wakisubiri neno lako, Mama, wakaanza kukutengenezea mengine. Sijui lilianza na nani. Nadhani lilianza na maharage. Bibi alisema mwanangu alikuwa anataka chumvi iingie mwisho. Baba akasema apana, mke wangu alikuwa anaitia mwanzo. Baada ya maharage ikaja nywele zangu, kwamba ungetaka nizinyoe. Ikaja sketi. Ikaja padri gani asome misa, na pazia za sebuleni, na kama niende sayansi au lugha. Mama, umekuwa na maoni mengi kuliko ulipokuwa hai, na hayaelewani yenyewe kwa yenyewe. Na mimi pia nimo. Nilipotaka kwenda kwenye sherehe ya rafiki yangu wa Mutanga Nord nilisema Mama angeniruhusu, na Baba akanyamaza, nikaenda. Nikiwa kule nikajiuliza, hivi angeniruhusu kweli? Nikajaribu kukusikia. Nikasikia sauti yangu.

Hilo ndilo linanichanganya kuliko yote. Wamekusemea mno mpaka sauti yako imepotea humo ndani. Zamani nilikuwa najua kabisa hili Mama alisema, hili hakusema. Sasa nakuta maneno kichwani mwangu na sijui ni yako au ya Bibi.

Halafu kuna Mama Belise. Unamjua, ni yule mjane anayefanya kazi ofisi moja na Baba kule bandarini, anayegonga mihuri kwenye karatasi za mizigo. Alikuletea uji hospitalini mara kadhaa, kwenye termosi nyekundu. Alipoondoka mara ya kwanza ulisema huyu mwanamke anajua kupika uji. Nadhani ulikuwa unasifu uji. Baada ya wewe kuondoka aliendelea kuja, si kila siku, na haji mikono mitupu wala haji na maneno mengi. Mwaka huu alinisaidia kuchapa kazi yangu kwenye kompyuta ya ofisini kwao, akanisahihishia Kifaransa bila kunifanya nijione mjinga. Hajawahi kuniita mwanangu. Hilo nalipenda kwake. Nilimchukia Jumanne, nikampenda Jumatano, Alhamisi nikajichukia mwenyewe, na juma likaanza upya.

Wiki chache zilizopita, jioni, Baba alinikuta mlangoni namenya machungwa. Akakaa kwenye ngazi. Unajua Baba akitaka kusema jambo, anaanza na bei ya dizeli. Akamaliza dizeli, akamaliza na habari ya meli iliyochelewa, kisha akasema angependa kumleta Mama Belise nyumbani, lakini hatafanya hivyo kabla hajajua wewe ulisema nini.

"Weye ndo ulikuwa naye. Kama alikatala, mi naacha."

Alisema kwa upole. Nilitaka kumwambia Baba, alisema nimkune mgongo. Sikuweza. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari.

Siku mbili tatu baadaye Bibi akaniita tuchambue maharage. Alikuwa ameshasikia, nyumba yetu unaijua kuta zake. Akachambua, akachambua, halafu akasema bila kuniangalia: "Useme tu mama yako alikatala. Ndo vile angesema." Nikamwuliza anajuaje. Akasema yeye alikuzaa. Kisha mikono ikasimama kwenye ungo, akasema Rumonge nyumba imefungwa, majirani wa zamani wamekwisha, na mke mpya hapiki chungu kimoja na mama wa mke wa kwanza. Hapo nikaelewa, na ingekuwa heri nisingeelewa. Bibi hakuwa anakulinda wewe, alikuwa anatafuta mahali pa kulala. Nikasema moyoni nitasema alikataa. Usiku wake Baba alikohoa chumbani peke yake, nikasema moyoni nitasema alikubali.

Ndivyo nilivyokuwa nilipoenda maktaba kumalizia kazi. Mwalimu alinirudishia karatasi yangu ileile ya mwaka jana, akasema mji wako bado upo, Aline, haujahama. Niliyokusomea wewe yalikuwa ya mawe na maji. Nilikuwa sijafika kwenye watu. Sasa sikiliza hili.

Wanasema mji ule ulikuwa wa mfalme mmoja, mahali pake pa kupumzikia. Alipokufa, haukwenda kwa mwanawe. Mwana alipata ufalme, lakini nyumba, mashamba, watumishi, vyote vilibaki vya marehemu mwenyewe. Walimkausha, wakamvika, wakamweka kwao, na ukoo wake ukaendelea kula kwa jina lake. Siku za sikukuu walimtoa nje pamoja na wafalme wengine waliokufa, wakawaketisha kwa vyeo, wakawapa pombe ya mahindi na chakula. Na kila marehemu alikuwa na watu wake wa kumsemea, mwanamume na mwanamke. Ukiwa na shida unakuja, unaiweka mbele ya maiti, na wale wawili wanakwambia amesemaje. Kuna habari ya watu waliokwenda kuomba ruhusa ya ndoa. Walikwenda kwa maiti, Mama. Yule mwanamume na yule mwanamke wakaangaliana, wakasema marehemu anakubali.

Nilifunga kitabu. Mtunza maktaba akadhani nimemaliza, akaja kukichukua, nikamwomba aniachie. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke tu, yule msemaji. Asubuhi anaamka, anamfukuzia marehemu nzi, anakaa pembeni yake. Watu wanakuja na mambo yao mazito wanamwangalia mdomo. Je, alikuwa anasikia kitu kweli? Au siku ya kwanza alisubiri sauti, ikakosekana, na watu wamesimama, ikabidi aseme chochote? Na baada ya hapo aliwezaje kunyamaza tena?

Nilichapisha picha ya maiti mmoja wa nchi hiyo, amekaa amekunja magoti, nikaiacha kitandani. Kosa langu. Bibi aliiona, akaniuliza huyu ni nani, na mimi mjinga nikamweleza yote, kwamba wanawalisha, wanawauliza mambo.  Jumamosi nikarudi nikakuta wamama wa maombi sebuleni, sita au saba, wamevua viatu. Bibi alikuwa amewaambia shuleni wananifundisha kuterekera, kutambikia wafu kama wapagani wa zamani. Wakanikalisha katikati wakaniombea mpaka mmoja akapoteza sauti, na picha yangu wakaichoma kwenye mbabura, jiko letu la mkaa, pamoja na karatasi mbili za hitimisho. Hitimisho nililiandika upya. Lakini nisikilize: Jumapili asubuhi, bado naisikia harufu ya karatasi ile, Bibi akaketi kitandani akaniambia amekuota, umemwambia pazia za sebuleni zisibadilishwe.

Nilicheka, Mama. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kando ya choo, kisha nikalia, na sikujua lini nilihama kutoka kimoja kwenda kingine.

Kazi niliiwasilisha Ijumaa iliyopita. Niliongea vizuri, nadhani. Nilipofika kwenye mfereji wa maji nilikukumbuka nikaongea haraka ili nipite. Mwisho mwalimu akaruhusu maswali, na mvulana mmoja wa nyuma akauliza kama marehemu aliwahi hata mara moja kuwakatalia wale waliokuwa wanamlisha. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alinisubiri. Nikasema vitabu nilivyosoma havisemi. Kisha nikasema, na hili sikuwa nimeliandaa, kwamba nadhani wale wasemaji hawakuwa wezi wote, wengine walikuwa wanaogopa kimya. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Alinipa alama nzuri na sijui ni kwa kazi au ni kwa huruma.

Halafu ikafika jana. Misa ilikuwa ya asubuhi. Mama Belise alikuja kanisani, akatusalimu wote, akamsalimu Bibi kwa mikono miwili, akaondoka kabla ya watu kuelekea nyumbani. Alikuwa na akili ya kujua kwamba siku ile haikuwa yake. Pale uani tulikuwa tumefunga hema, viti tumeazima kwa majirani hadi vya Mama Amina, vinywaji vikaja, wazee wakawekewa pombe yao ya mtama na mirija. Baba Mkubwa ndiye aliyeshika maneno. Alishukuru, alisalimu, alikusifu vizuri, nisimnyime haki yake. Akasema uliuza ndagala ukanisomesha. Kisha akasema sasa tumsikie aliyekuwa naye mwisho, na watu wote wakageuka.

Nilisimama. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Bibi alikuwa ananiangalia mimi, na midomo yake ilikuwa inatembea, sijui ni rozari au ni lile neno ananisaidia kulisema. Nilikuwa nimeandaa majibu mawili, Mama. Yote mawili nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nilijua nikifungua kinywa nikasema alikubali, Baba atakuwa na mke. Nikisema alikataa, Bibi atakuwa na kitanda. Na hakuna ambaye angejua, hata wewe. Nilikusubiri kidogo pale mbele yao. Nilikupa nafasi useme kitu.

Hukusema. Nami nikasema: "Mama hakuacha wosia. Aliniambia nimukune mu mugongo. Nikamukuna. Akasema apana apo, chini kidogo. Akalala."

 Nilisikia nzi kwenye chupa za fanta. Kisha mtu akacheka kule nyuma, na alikuwa Mama Amina, ameziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka. "Ni yeye," akasema. "Wallahi ni yeye kabisa." Wanawake wa sokoni wakaanza nao, mmoja akasema hata mezani alikuwa anatusumbua na mgongo huo, na kwa muda mfupi, Mama, ulikuwepo. Hakuna aliyekuwa anakusemea, walikuwa wanakukumbuka tu.

Baba Mkubwa hakucheka. Alikohoa, akauliza kwa heshima kama basi hakuna neno lolote juu ya baba yangu na maisha yake ya mbele. Kila mtu alijua anauliza nini. Nikashika kiti cha mbele yangu.

"Iyo muniulize mi," nikasema. "Mama tumuache. Mi bado sijui. Ninachojua, Bibi abaki apa kwetu. Ni mi namuomba, si Mama."

Nikakaa. Nilidhani mtu atanifokea. Badala yake Baba akasimama, Baba yetu, ambaye hata harusini kwenu wanasema alisemewa na rafiki yake. Alisimama bila kuitwa, akakunja kofia mkononi. Hakusema habari ya dizeli. Alisema: "Marehemu hakunituma. Ni mi ninamutaka." Na akasema Bibi ni mama yake, mwenye kutaka kumtoa aanze na yeye. Akakaa, na jasho lilikuwa limemlowesha shati lote mgongoni.

Ungedhani mambo yaliishia hapo vizuri. Sijui. Wazee walinong'onezana, wengine walisema mtoto wa siku hizi hana adabu, wengine walimpa Baba mkono. Bibi aliinuka, akaingia jikoni, hakutoka mpaka wageni walipoondoka. Nilimfuata nikamkuta amekaa juu ya gunia la mkaa. Nilitegemea atafurahi kwamba anabaki. Aliniambia: "Umemufunga mama yako kinywa."

Neno hilo nimelala nalo.  Maana leo nyumba hii imekuwa kimya namna nisiyoijua. Baba alivaa shati lake akaenda bandarini. Bibi alipika chai, akanipa kikombe, mkono wake ulinigusa begani, kisha ukaondoka haraka. Hakuna aliyesema Mama angetaka hivi, Mama angetaka vile. Mpaka saa sita mchana jina lako lilikuwa halijatajwa humu ndani, na nikagundua kwamba yale maneno ya uongo yaliyokuwa yananiudhi ndiyo yaliyokuwa yanakutembeza tembeza nyumbani. Nimeyazuia, na sasa umekufa zaidi. Nilisoma kwamba wavamizi walipowateka wale wafalme waliokauka na kuwapitisha barabarani, wamefunikwa mashuka, watu walipiga magoti wakalia. Ijumaa nililisoma jambo hilo mbele ya darasa kama habari ya watu wengine.

Sijui kama nilifanya vizuri, Mama. Nataka kukuuliza, na ndilo jambo pekee nisiloweza kukuuliza tena, kwa sababu nikijibu nitakuwa nimejijibu. Namwogopa Mama Belise na namsubiri. Nampenda Bibi na nimechoka na mkoromo wake. Nina hasira na wewe, hili nalisema waziwazi, nina hasira kwamba ulikuwa na mchana mzima na hukuniachia hata neno moja la kushika. Halafu nakumbuka ulivyovuta ile pumzi nilipopata mahali penyewe, na hasira inanitoka, na inarudi.

Barua hii sina pa kuituma. Sitaizika wala sitaichoma, Bibi asije akawaita tena wale wamama. Nitaiweka tu, na wewe lala, mtoto wa Rumonge, usiamshwe na mtu yeyote mwenye shida zake, hata mimi. Ahadi yangu ni hii, na ni ndogo ili niiweze: nikitaka kitu nitakitaka kwa jina langu. Mtu akiniuliza Mama angetaka nini, nitamwambia sijui. Lakini akiniuliza Mama alikuwa nani, nitamvutia kiti.

Mimi,
Aline